Neno Kwanza, Machozi Baadaye: Maswali ya Wasomaji wa Malindi Kuhusu Toba

Barua za safari hii zimetoka Muyeye, Ganda, Barani, Watamu na Mambrui, na karibu zote zinauliza jambo moja: mbona toba haishiki? Tumechagua sita. Aya tunazonukuu ni za Biblia ya Union Version ya 1952, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Ukiona lugha yake nzito, weka tafsiri ya Habari Njema kando yake usome zote mbili.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni kijana wa Muyeye, nafanya kazi ya chumvi kule Gongoni. Kila krusedi ikija mjini naitikia wito, nalia, naombewa. Ijumaa nikilipwa nimerudi kwenye mnazi na baa. Sasa naona haya hata kusimama mbele. Nakosea wapi?

JIBU: Asifiwe sana, ndugu yetu. Machozi yako hatuyadharau, lakini fungua Nehemia sura ya 8 hadi ya 10 uangalie mpangilio wa mambo, maana pale tarehe zimeandikwa. Siku ya 1 ya mwezi wa saba Ezra alisoma torati mbele ya Lango la Maji tangu alfajiri hata adhuhuri, na Walawi wakawaeleza watu maana yake. Watu walilia. Waliambiwa nini? Waliambiwa wanyamaze, waende wakale vinono na wawapelekee sehemu wasio na kitu, kwa kuwa "furaha ya BWANA ni nguvu zenu". Ungamo la taifa halikufanyika siku ile ya machozi. Lilifanyika siku ya 24, baada ya Sikukuu ya Vibanda ambayo torati ilisomwa ndani yake kila siku. Na siku hiyo ya 24 walisoma robo ya siku, kisha robo nyingine wakaungama na kusujudu (Nehemia 9:3). Mchana ukiwa na masaa 12, hayo ni masaa matatu ya kusikia kabla ya masaa matatu ya kusema.

Linganisha na mikutano yetu. Tunaimba masaa mawili, inasomwa aya moja, muhubiri anapaza sauti, wito unatolewa, watu wanalia. Neno halijapata nafasi ya kutaja chochote. Mtu anarudi nyumbani akiwa ametubu dhambi zote kwa jumla, na hakuna hata moja aliyoitaja kwa jina. Dhambi ambayo haijatajwa haiachwi, kwa sababu mwenyewe hajui anaacha nini.

Basi kwa wiki moja fanya hivi. Chukua Zaburi 51 peke yake, aya 19, usiongeze kitu. Siku ya kwanza na ya pili isome yote kwa sauti, mara mbili, bila kuomba lolote. Soma pia 2 Samweli 11 na 12 ujue ilitoka wapi: Daudi alikuwa ametulia kabisa mpaka nabii Nathani aliposema, "Wewe ndiwe mtu huyo." Siku ya tatu kaa kwenye aya ya 3 hadi ya 6 na uandike kwenye karatasi, kwa maneno ya kawaida, ulilofanya: siku gani, pesa ngapi, nani aliumia. Usiandike "ulevi". Andika "Ijumaa nilikunywa pesa ya karo ya mtoto." Siku ya nne mwambie Mungu hayo uliyoandika, ukitumia aya ya 1 na ya 2 kuanzia. Siku ya tano na ya sita nenda aya ya 7 hadi ya 12, na uitulie hii: "Ee Mungu, uniumbie moyo safi." Wengi huishia kwenye "unioshe" wasifike kwenye "uniumbie", na hapo ndipo upya unapokosekana. Siku ya saba soma aya ya 13 hadi ya mwisho na uamue utamwendea nani.

Sasa sehemu ambayo mahubiri mengi huiruka. Katika Nehemia 10 watu walitia muhuri agano lenye mambo ya kuhesabika: hawatanunua siku ya Sabato, wataachilia madeni mwaka wa saba, watatoa theluthi ya shekeli kila mwaka, watapanga zamu za kuni za hekalu. Miaka ikapita, Nehemia akaenda kwa mfalme, aliporudi akakuta watu wa Tiro wanauza samaki Yerusalemu siku ya Sabato (Nehemia 13:16). Hakuitisha mkutano wa kulia upya. Aliamuru malango yafungwe giza lilipoanza kuingia kabla ya Sabato, akaweka watumishi wake malangoni.

Lango lako unalijua: ni Ijumaa jioni, pesa ikiwa mfukoni. Mwombe mke wako au dada yako unayemwamini apokee sehemu ya mshahara kwa M-Pesa saa ileile unapolipwa. Badilisha njia ya kurudi nyumbani. Panga na mzee mmoja wa kanisa akupigie simu Ijumaa saa kumi na mbili jioni, si Jumapili. Na kama unakunywa kila siku, tena kwa wingi, usikate pombe ghafula peke yako: mwili uliozoea unaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata kifafa. Nenda hospitali kwanza, uwaeleze kiasi unachokunywa bila kupunguza. Kufanya hivyo hakupunguzi imani yako hata chembe.

SWALI: Shikamooni wazee wangu. Mimi ni mama wa Ganda, mweka hazina wa chama chetu cha akina mama. Kwa muda nilichukua pesa za chama kidogo kidogo, jumla shilingi 18,000, nikisema nitarudisha. Hakuna aliyegundua. Nimetubu kwa Mungu, nimeshika 1 Yohana 1:9. Je, lazima niseme kwa watu?

JIBU: Marahaba, mama. Aya uliyoshika ni ya kweli: tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Lakini panda aya mbili juu, kwenye 1:7, uone Yohana anazungumza juu ya watu wanaoenenda nuruni na kushirikiana wao kwa wao. Hakuna mahali katika barua hiyo panapotoa ungamo la siri kama njia ya kubaki na pesa ya mwenzako.

Torati imelitaja jambo lako karibu kama lilivyo. Walawi 6:1-7 na Hesabu 5:6-7 zinamzungumzia mtu aliyedhulumu amana: aungame, arudishe kitu kizima, aongeze sehemu ya tano. Kwa hesabu yako, sehemu ya tano ya 18,000 ni 3,600, jumla 21,600. Tena angalia utaratibu: mali inarudi kwa mwenyewe kwanza, ndipo sadaka ya hatia inapelekwa kwa kuhani. Bwana Yesu anafuata mpangilio uleule katika Mathayo 5:23-24, iache sadaka mbele ya madhabahu, uende ukapatane na ndugu yako.

Kuna jambo zuri hapa ambalo watu hupita bila kuliona. Mwizi aliyemwiba kondoo akamchinja au kumwuza alilipa kondoo wanne (Kutoka 22:1). Aliyejitokeza mwenyewe aliongeza sehemu ya tano tu. Mungu aliifanya njia ya anayekuja mwenyewe kuwa nyepesi. Na Zakayo mtoza ushuru, ambaye hakuna aliyemshika, alijipimia kile kipimo kizito: "namrudishia mara nne". Hakuwa ananunua msamaha. Yesu alikuwa tayari ameingia nyumbani mwake.

Makanisa hayaifanyi sehemu ya tano kuwa sheria kwa Mkristo, nasi hatukulazimishi. Tunasema tu kwamba pesa uliyokaa nayo wenzako wamekosa matumizi yake, na nyongeza inalikiri hilo.

Fanya hivi. Pitia daftari na ujumbe wa M-Pesa upate hesabu kamili, usikadirie, maana ukisema 18,000 kisha ikaonekana ni 23,000 hakuna atakayekuamini tena. Mwendee mwenyekiti ukiwa na mama mmoja wa kanisa unayemwamini. Sema mambo manne: kiasi, ulichukua lini mpaka lini, ulifichaje, utalipaje. Kama huna zote, 1,800 kwa mwezi inamaliza 21,600 kwa miezi 12. Iandikwe, muitie sahihi. Kabidhi daftari siku hiyohiyo bila kungoja kuombwa. Usiseme "shetani alinipitia", wala "kama kuna niliyemkosea". Na usiweke sharti la kusamehewa. Wanaweza kukasirika, wanaweza kukutoa kwenye chama, wanaweza hata kwenda polisi, na hiyo ni haki yao.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya mwaka 1937, ulijulikana kwa jambo hili hasa. Watu walirudisha vitu vya waajiri, walilipa madeni ya zamani, walikwenda nyumba kwa nyumba kutaka radhi. Lakini mwongozo mmoja ushike: ungamo lifike pale dhambi ilipofika, lisizidi. Pesa ya chama iungamwe kwa chama, si kwenye kipaza sauti mbele ya mji mzima. Watu wengine wameharibu ndoa za jirani kwa kutaja majina hadharani wakiita hiyo toba.

SWALI: Tangu mambo ya Shakahola naogopa neno "kufunga". Kanisa letu hapa Barani limetangaza siku za kufunga na kutubu. Nifuate au nikae mbali?

JIBU: Hofu yako ina sababu. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, ulio ndani ya Malindi yetu hii, ulifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo, ya watu waliofundishwa kwamba kufa njaa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Yeyote anayefundisha kufunga katika mji huu bila kulitaja hilo hajawatendea haki wasikilizaji wake.

Kwa hiyo soma mwenyewe Maandiko yanasema nini hasa. Torati nzima iliamuru siku moja tu kwa mwaka ya kujitaabisha nafsi, Siku ya Upatanisho (Walawi 16:29). Moja. Danieli alipoomboleza wiki tatu, aliacha chakula kitamu, nyama na divai (Danieli 10:2-3), hakuacha kula kabisa. Mfungo wa Esta usio na chakula wala maji ulikuwa siku tatu, katika hatari ya taifa kuuawa, na haukugeuzwa kuwa kawaida. Siku 40 za Yesu jangwani hakuna mtume aliyeliagiza kanisa kuziiga. Na hakuna aya hata moja inayofundisha kufunga mpaka kufa. Yoeli anasema "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu", na Isaya 58 inakataa kabisa mfungo wa watu wanaowaonea wafanyakazi wao. Mfungo anaoutaka Mungu pale ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Chakula kinahama kutoka sahani yako kwenda ya mwingine, kwa hiyo mwisho wa mfungo wa Isaya kuna mtu ameshiba.

Mfungo salama wa toba kwa mtu mzima mwenye afya: acha chai ya asubuhi na chakula cha mchana, kunywa maji, jioni ule. Siku moja inatosha kuanza. Muda wa chakula usome Isaya 58 na Zaburi 130, na pesa ya chakula hicho umpe mtu siku hiyohiyo. Joto la Malindi si la mchezo, na kukaa bila maji mchana kutwa kwenye jua ni hatari kwa yeyote. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari, wenye vidonda vya tumbo, wanaotumia dawa za kila siku, wazee dhaifu na watoto wasifunge chakula. Waache televisheni, simu au soda.

Muulize mchungaji wako maswali haya kabla ya siku kufika. Mfungo unaisha lini, saa ngapi? Maji yanaruhusiwa? Mgonjwa anaweza kwenda hospitali? Watoto wanakwenda shule? Mtu akila mapema anatengwa? Mchungaji mwema atajibu bila kukasirika, pengine atakushukuru. Akikwambia kuuliza ni ukosefu wa imani, akikukataza kusoma sura nzima aliyoinukuu, au akitaka muuze mali na kuhamia mahali asipofika mtu, ondoka na watoto wako leo, kisha mpigie ripoti chifu au polisi.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki. Nikisoma Zaburi za toba nyumbani na kujuta, bado nahitaji kwenda kitubio?

JIBU: Milele na milele, amina. Kwa mafundisho ya Kanisa lako, ndiyo: dhambi za mauti huungamwa kwa padre, angalau mara moja kwa mwaka, kwa msingi wa Yohana 20:23. Waprotestanti wengi hushika kwamba ungamo kwa Mungu linatosha, pamoja na Yakobo 5:16 ya kuungamiana. Lakini hakuna upande unaoyaona Maandiko na ungamo kuwa vitu vinavyoshindana. Utaratibu wa kitubio uliotolewa 1973, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, umeweka nafasi ya kusoma Neno la Mungu kabla ya mwungamaji kusema. Kwa sababu ya foleni ndefu mara nyingi sehemu hiyo huachwa, na inaruhusiwa kuachwa. Basi isome wewe ukiwa kwenye benchi. Zaburi za toba ni saba: 6, 32, 38, 51, 102, 130 na 143. Mtakatifu Augustino, alipokuwa anakufa mwaka 430, aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani aweze kuzisoma kitandani, na huyo alikuwa askofu.

SWALI: Mume wangu hunipiga. Kesho yake analia, analeta Biblia, ananisomea "saba mara sabini" na kusema nisiposamehe Mungu hatanisamehe. Niko Watamu, nina watoto wawili. Nifanye nini?

JIBU: Dada yetu, kwanza usalama wako na wa watoto. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa kifamilia inakuruhusu kuomba mahakama amri ya ulinzi. Ukipigwa, nenda hospitali siku hiyohiyo uandikwe majeraha, ripoti polisi upewe fomu ya P3 ya kujazwa na daktari, na namba 1195 hupigwa bure kwa msaada. Tafuta sasa, kabla ya siku mbaya, nyumba ambayo utaweza kukimbilia usiku, na uweke huko nakala za vitambulisho na vyeti vya watoto.

Kuhusu Maandiko: Mathayo 18:22 ni jibu kwa Petro, aliyeuliza yeye mwenyewe asamehe mara ngapi. Neno hilo halikuwekwa mkononi mwa mkosaji ili amdai aliyemuumiza. Aliyekosa ameandikiwa lake: "Basi, toeni matunda yapatanayo na toba" (Luka 3:8). Na hapohapo, watu walipomwuliza Yohana Mbatizaji matunda hayo ni yapi, aliwajibu kila kundi kwa kazi yake. Askari aliwaambia wasimdhulumu mtu. Mtu wa mkono mwepesi matunda yake ni kuutia mkono huo chini ya ulinzi wa watu wengine: aungame mbele ya wazee bila wewe kulazimishwa kuwepo, akubali ukae mahali pengine, akubali kuulizwa kila wiki kwa miezi mingi. Anayelia lakini anakataa yote hayo analia kwa ajili yake mwenyewe.

Unaweza kuacha kulipiza kisasi moyoni na bado ukalala nyumba nyingine. Daudi hakumgusa mfalme Sauli, aliyekuwa akimwinda, alipompata pangoni, naye Sauli akalia. Sauli akarudi kwake. Daudi akapanda ngomeni (1 Samweli 24:22). Kama kiongozi wako wa kanisa anakurudisha ndani kabla matunda hayajaonekana, tafuta kiongozi mwingine.

SWALI: Mama yangu, mwenye umri mkubwa, hapa Mambrui, ameniambia anataka kutengeneza mambo yake na Mungu. Hajui kusoma, na Kigiriama ndicho anachokielewa zaidi. Mimi mwenyewe nimesoma Biblia yote na sijabadilika sana, sasa nitamsaidiaje?

JIBU: Kutojua kusoma si kizuizi. Mara ya kwanza mfalme Yosia hakukisoma mwenyewe kile kitabu kilichopatikana hekaluni. Shafani mwandishi alimsomea, naye akararua mavazi yake na kutuma watu wakamwulize Mungu kwa nabii mke Hulda (2 Wafalme 22). Mwanawe Yehoyakimu naye alisomewa, gombo la Yeremia, na kila ziliposomwa kurasa tatu au nne alizikata kwa kisu cha mwandishi akazitupa motoni, ijapokuwa Gemaria mwana wa Shafani alimsihi asifanye hivyo (Yeremia 36). Wote wawili walisikia kila neno. Yosia aliuliza Mungu anasema nini juu yake. Yehoyakimu aliketi akiota moto. Nawe usihesabu sura ulizomaliza. Kila siku jiulize swali moja la Yosia: hili limesema nini juu yangu, nami nitamtuma nani au nitakwenda wapi kwa ajili yake?

Kwa mama, soma kwa Kigiriama. Kama nawe husomi Kigiriama vizuri, soma Kiswahili aya mojamoja na umweleze kwa Kigiriama, kama Walawi walivyofanya katika Nehemia 8:8. Anza na Zaburi 130, ina aya 8 tu. Soma polepole, mara mbili, asubuhi kabla jua halijawa kali. Usimhubirie. Muulize, "Mama, ni neno gani limekushika?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Siku inayofuata Luka 15:11-24, siku ya tatu Zaburi 32, aya 11. Akianza kusema mambo ya zamani, usimkatize wala usiandike, na usimwambie "hayo yalishapita". Akitaja mtu aliyemkosea ambaye bado yuko hai, muulize kama angependa mwende pamoja, au umpigie simu ukae kando yake. Akitaja aliyekufa, mwambie aungame kwa Mungu, na kama kuna mali ya mtu huyo iliyobaki kwake, irudi kwa watoto wa marehemu. Hesabu 5:8 inamtaja jamaa wa karibu kwanza.

Kama moyo wake utaendelea kumshtaki hata baada ya kufanya yote hayo, msomee 1 Yohana 3:20, kwamba Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu. Irudie aya hiyo kila jioni mpaka aijue kwa kichwa. Kisha mwite mchungaji, katekista au padre wa kanisa lake aje amwombee nyumbani, na umwambie mama mapema nani anakuja na saa ngapi.